Kumlisha Mtu Aliyekwisha Kuondoka

Daftari langu la vipimo lina kurasa za mbele na kurasa za nyuma. Mbele wapo wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, mzunguko wa mkono pale juu ambapo nguo hupenda kubana. Nyuma, tangu mwaka juzi, nipo mimi. Mimi na bukari, ugali wetu, mimi na viazi, mimi na kijiko cha mawese. Katikati kuna kurasa chache tupu. Nilijua ipo siku pande hizo mbili zitakutana, ila nilidhani zitakutana kwa sababu karatasi imekwisha.

Ninashona nguo za wanawake hapa Goma, katika kibanda cha mbao karibu na mahali ambapo malori ya Kibumba hushusha kabichi na viazi. Ni kazi ya kukaa. Kwa miaka ishirini na zaidi nimekaa, na unene nao ukaja ukakaa. Wateja walinisifu. Kwetu mwanamke akinenepa watu husema nyumbani kwake kuna amani, na mimi sikuwahi kubishana na sifa hizo. Nguo zangu mwenyewe nilizikata kwa jicho. Ikibana, nafumua mshono wa pembeni, naongeza kipande, maisha yanaendelea. Mtu anayepima wanawake wote wa mtaa alikuwa hajajipima hata mara moja.

Shida ilikuwa goti la kulia, na nyuma ya goti alikuwepo mama yangu.

Mama anaishi Kibumba, juu ya kilima, katika nyumba tuliyozaliwa sisi watoto saba. Pikipiki hukufikisha chini, barabarani. Kutoka hapo ni njia ya miguu, mawe meusi makali na matope, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mara ya mwisho nilipojaribu kupanda niliishia kwenye mikaratusi, hata nusu sijafika, goti limevimba. Mama akashuka yeye. Tukakaa juu ya jiwe, tukala mahindi ya kuchoma, akanikabidhi kabichi tatu. Yeye akapanda, mimi nikashuka. Tulifanya hivyo kwa miaka mitatu. Kisha ukaja msimu mbaya wa mvua, akateleza, na tangu hapo naye hashuki. Kuja kuishi kwangu hataki kusikia. Aliwahi kukimbia vita akalala wiki nyingi chini ya shitingi, turubai za wakimbizi, pale Kibati, na aliporudi kwake alisema hakuna mtu atakayemshusha tena kilima kile.

Tukabaki na simu. Kila jioni nauliza, "Mama, umekula?" Kila jioni anajibu, "Nimekula, nimeshiba." Ulipita mwaka na miezi sijauona uso wake. Niliogopa, na siogopi kusema kwamba niliogopa sana, kuwa nitauona tena siku ya kumzika, na hata siku hiyo nitahitaji watu wa kunibeba mimi kabla ya jeneza.

Daktari aliniambia goti lile halina dawa isipokuwa kupungua, akanituma kwa mtaalamu wa lishe wa kituo cha afya. Nilimkuta mwanamke kijana, koti lake jeupe limemzidi mabega, vidole vikaniwasha kulipunguza. Ukutani ilining'inia mizani ya watoto, na mezani kulikuwa na ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mikono ya watoto waliokonda. Alinitazama kwa muda, kisha akatabasamu.

"Mama, mimi naongezaka watu," alisema. "Kupunguza mutu, sijafanya mara mingi. Tutaangalia pamoja."

Nilimpenda hapo hapo. Mtu anayekiri kwamba anatafuta ni rahisi kumuuliza maswali, na mimi maswali ninayo. Alinipandisha juu ya mizani ya wajawazito: kilo mia na nne. Akauliza urefu wangu, umri wangu, nakaa saa ngapi kwenye mashine. Akaandika, akakata, akaandika tena. Kalori, alinieleza, ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama mita ilivyo kipimo cha kitambaa. Mwili wangu una kiasi unachotumia kwa siku, hata nikikaa kimya. Nikila pungufu kidogo ya hapo, utachukua kilichobaki kwenye akiba yake. Akanipa elfu moja na mia saba kwa siku na karatasi ya vyakula: bukari, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wetu sambaza, mandazi.

"Ukipungua kilo tano, rudia apa tuhesabu upya," alisema wakati natoka.

Nilisikia, nikaitikia, na sikurudi. Hesabu ikishafanywa na mtu aliyesoma, nilijiambia, ya kurudia ni ya nini?

Nyumbani kazi ilikuwa ngumu zaidi ya nilivyofikiri. Sisi hula bukari kwenye sahani moja kubwa, mikono yote ndani, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Ndiyo raha yake. Nilipotenga sahani yangu ndogo, mume wangu aliacha kula akanitazama.

"Tumegombana?" aliuliza.

"Hapana. Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Nakula kiasi gani."

"Kwa hii nyumba hakuna mutu anahesabiaka mwenzake chakula."

"Sikuhesabii weye. Najihesabia."

Alinuna siku tatu. Mke anayekula kwenye sahani yake, kwetu, ni mke anayefunga mizigo. Basi tukaelewana: nitarudi kwenye sahani kubwa, lakini nitahesabu matonge. Nilipima bukari asubuhi moja, nikagawanya, nikapata kwamba matonge kumi na mawili yananitosha. Kumi na mawili, nanawa. Mume wangu alianza kunihesabia kwa sauti, kwa kejeli, na watoto wakadakia.

Kujipima nilikufanya kwenye basikuli, ile mizani kubwa ya kupimia viazi, hapo hapo jirani na kibanda. Mzee wa basikuli nilimfahamu siku nyingi, mtu mtaratibu, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimwomba anipime kila Jumatatu kabla malori hayajafika. Jumatatu ya kwanza alisukuma jiwe lake la chuma, akakodoa macho, akasema mia na moja. Kilo tatu kwa wiki moja! Nilirudi kwenye mashine naimba.

Na kweli niliendelea kupungua. Miezi ikapita, kilo zikatoka moja moja. Wateja wakaanza kunishika mkono kwa upole na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni salama. Mmoja aliniletea mayai. Mwingine alinishauri nisali. Mimi nilikuwa nafumua mishono yangu na kuirudisha ndani, na nilifurahi kuona kitambaa kinabaki. Nikafika tisini na tatu. Nilimwambia mama kwenye simu, "Ngoja kidogo, nitapanda." Akasema anangoja.

Kisha mizani ikasimama. Jumatatu tisini na tatu, Jumatatu nyingine tisini na tatu. Wiki ya sita bado tisini na tatu, na kila jioni kwenye simu mama alikuwa anasikika mbali zaidi, ingawa nilijipa moyo kwamba ni mtandao.

Sina subira na kitu nisichokielewa. Nikaanza kutafuta mwizi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mkono wangu. Siku moja nilichukua tonge nililokuwa nataka kutia mdomoni nikaliweka kwenye mizani ndogo niliyoazima kwa muuza samaki, na matonge mengine kumi na moja baada yake, mume wangu akinitazama kama mtu anayewaza kumwita padri. Ilikuwa kama nilivyohofia. Matonge yalikuwa kumi na mawili, lakini yalikuwa yamenenepa. Nilipoukataza mkono idadi, uliongeza ukubwa, bila kuniambia. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Nikarudisha matonge kwenye ukubwa wake, nikangoja wiki mbili. Mizani ilishuka nusu kilo, wiki iliyofuata ikairudisha.

Mshukiwa wa pili nilikuwa mimi mzima. Nikaamua kwamba ninakula sana, basi, na bila kumuuliza mtu nikajikata mpaka elfu moja na mia moja. Siku nne nilijisikia shujaa. Siku ya sita nilimfokea mteja. Siku ya tisa, macho yakiwa na giza, nilishona mkono wa kushoto wa gauni la harusi upande wa kulia, nikauonea fahari mpaka bibi harusi alipouvaa. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuzoea, alilichukua daftari langu akanikabidhi.

"Rudia kwa yule aliyekupatia hesabu," alisema. "Sisi wote tumechoka."

Nikarudi kituoni nimeinamisha kichwa. Mtaalamu hakunigombeza. Alinipandisha kwenye mizani yake.

"Kilo tisini na tano," alisema.

"Hapana. Niko tisini na tatu. Basikuli ya sokoni haidanganyi, watu wanauzia juu yake viazi kila siku."

"Basi moja ya hizi mbili iko na shida."

Nilitoka hapo hapo, nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa basikuli, nikamwuliza ananipima namna gani. Alishangaa swali.

"Napima, halafu natoa kilo mbili za gunia," alisema.

"Gunia gani, muzee?"

Alinitazama, akatazama basikuli, akatazama kitenge changu. Nikaona anaelewa polepole.

"Siku zote tunatoaka gunia, mama," alisema. "Mukono unafanya yenyewe."

Ningekasirika, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa na mkono wangu kwenye sahani. Kwa miezi yote ile alikuwa akinitolea kilo mbili za gunia ambalo sikuwa nimelivaa, na ile furaha yangu ya wiki ya kwanza ilikuwa kilo moja tu halali. Nilirudi kituoni nikakaa chini, nikasema sawa, ni tisini na tano, na zimesimama. Nieleze kwa nini.

Alichukua kalamu, kisha akaiweka.

"Mama, gauni ya mutu wa kilo mia na ine, unaweza kuivalisha mutu wa tisini na tano?"

"Itamuanguka."

"Njo vile na chakula. Ile hesabu tulifanyia mutu wa mia na ine. Yule mutu alisha kuondoka. Weye ungali unamulisha."

Nje ya dirisha lake lilikuwa linapita chukudu tupu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, kijana wake amekaa juu kwa raha mteremkoni. Nimewaona vijana hao miaka yote: siku ya viazi gunia nne hula maharagwe sinia zima, siku ya kurudi na ubao mtupu hutosheka na chai. Mwili wangu ulikuwa umeshusha kilo tisa. Kupumua, kusimama, kwenda chooni, kila kitu nilikuwa nakifanya kwa mzigo mdogo, na kwa hiyo nilihitaji nguvu ndogo. Kiasi kilichokuwa kinanipunguza jana, leo kilikuwa kinanitosha. Hakukuwa na mwizi. Nilikuwa nimebadilika mtu bila kubadilisha kipimo, mimi ambaye simkatii mteja kitambaa kwa kipimo cha mwaka jana hata akiniapia.

Swali langu lililofuata lilimfanya acheke. "Sasa kila nikipungua, napunguza. Kila nikipunguza, napungua. Si nitaisha?"

"Hapana, mama. Kuna chini. Kila mutu iko na chini yake yenye hatupite. Ukipita pale, mwili hauchukue tena akiba, unaanza kujikula yenyewe. Weye ulikuwa unaenda kule na ile elfu moja na mia moja yako." Kisha akasema kitu nilichokiandika kwa herufi kubwa: "Na siku tutafika kwenye uzito yenye goti inataka, tutaacha kupunguza. Tutakuongezea kidogo kidogo, mpaka usimame."

Alinipa elfu moja na mia sita, mia moja tu chini, na mwendo. Nikawa naamka na kwenda kwa miguu mpaka Kituku, ufukweni mwa ziwa, mitumbwi ikiwa bado inashusha, nanunua sambaza narudi. Sasa kila kilo mbili nilirudi kituoni, na kila mara tulihesabu upya, wote wawili tumeinamia karatasi. Nilikuwa naipenda siku hiyo. Sikuwahi kudhani mwili wangu mwenyewe unaweza kuwa kitu cha kuvutia namna hiyo.

Nilipofika themanini na tisa, nilijaribu goti kwenye ngazi za kanisa, mara kumi kupanda, mara kumi kushuka. Likakubali. Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki ya Kibumba. Mfukoni nilikuwa na utepe wangu wa kupimia, ambao hautoki mfukoni hata Jumapili, na daftari kwenye kikapu.

Kwenye mikaratusi nilipumzika, kwa heshima tu. Kisha nikapanda sehemu ambayo miguu yangu ilikuwa imeisahau. Ilinichukua saa mbili. Mama alikuwa amekaa mlangoni na shali mbili, ukungu umeanza kushuka, na nilipomwona nilijua nimefika, na papo hapo nilijua nimechelewa. Alikuwa mdogo. Sijui neno lingine. Alinishika uso kwa mikono yake miwili.

"Mutoto wangu, umekonda," alisema. "Unagonjwa nini?"

"Siko mugonjwa, mama. Ni mimi nilitaka."

Hakuniamini. Alikuwa amepika. Akaniletea sahani imejaa, viazi, maharagwe, kabichi iliyong'aa mawese, kisha akakaa na kibakuli chake mapajani. Mazoea ni mazoea: kabla sijanawa, kichwa changu kilikuwa kimekwisha kuhesabu. Yangu ilikaribia mia tisa. Yake, viazi viwili vidogo na mchuzi, haikufika mia mbili. Nikarudia kuhesabu, nikitafuta kosa.

"Na hiyo nyingine iko wapi?" niliuliza.

"Nyingine gani? Nimeshiba."

"Asubuhi ulikula nini?"

"Chai."

"Na jana?"

Alifikiri. Hakuwa anaficha. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, nami nilimwona anatafuta.

"Mulikuwa saba, na muzee, na mimi," alisema. "Nilikuwa napika ile nyungu kubwa. Kila mutoto akitoka kwa nyumba, napunguza. Akitoka mwingine, napunguza. Muzee alipokufa nikapunguza ya muzee. Ile ya kwangu ikafuata, sijue saa gani. Mutu mumoja hapikiake vizuri."

Nilifungua daftari, si nyuma, mbele. Miaka sita iliyopita nilimshonea gauni la harusi ya mdogo wangu, na vipimo vyake vilikuwepo, kwa mwandiko wangu: mkono juu, sentimita thelathini na moja. Nikamwambia anipe mkono. Alidhani namtengenezea nguo, akafurahi, akavua shali. Nilizungusha utepe, nikaukaza kidogo, nikausoma, nikaulegeza nikausoma tena. Ishirini na moja.

Jioni zote zile alizoniambia ameshiba, hakuwa akinidanganya. Alikuwa ameshiba kwa kipimo cha nyumba inayoondokewa, na alikuwa amekwisha kupita ile chini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nililia. Yeye akadhani ni goti.

Nilimwekea viazi kwenye kibakuli, akavirudisha. Nikaweka tena, akavirudisha, akaanza kukasirika. Mwishowe nikachukua kibakuli chake nikakimwaga chote kwenye sahani yangu, nikaiweka sahani chini kati yetu, kama tulivyokula zamani. Hapo akanyoosha mkono. Kwenye sahani moja hakuna changu na chako. Tulikula kwa vidole, taratibu, na kwa mara ya kwanza kwa karibu miaka miwili sikujua nimekula kiasi gani. Nilikuwa nahesabu mkono wake.

Kabla ya kushuka nilimwachia jirani, yule mama anayemchajia simu, karatasi ya kula nini na lini, na nikamwomba watoto wake wawe wanakula kwa mama mchana, ili nyungu ipate sababu. Kwenye zile kurasa tupu za katikati nilimwandika mama. Lengo lake ni la kupanda: kidogo wiki hii, kidogo zaidi wiki ijayo, kwa sababu mtaalamu wa lishe, nilipompelekea vipimo, alisema ukimjazia ghafla utamuumiza. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, kuongeza watu, na alifanya hesabu ile bila kukata hata mara moja. Mimi hupanda kila Jumamosi na utepe wangu. Tumefika ishirini na nne.

Jioni bado napiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, nimeshiba."

"Viazi ngapi?"

Nasikia anageuka kutazama kibakuli.

"Ine," anasema.

"Mama."

"Tatu. Ngoja, usikate. Namalizia ya ine."